Mdogo Wake Bibi, Nyuma ya Geti

Cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka la vitambaa, Kilindoni, Mafia, mwaka wa saba sasa. Mwenye duka ni mwanamume wa makamo, Mhindi wa hapa hapa kisiwani, mpole, anayependa mpira kuliko biashara. Lakini mwenye baraza ni mama yake. Bibi huyo ana miaka themanini na ushei. Kila asubuhi hutolewa kiti chake cha plastiki, akakaa ubavuni mwangu, akavaa miwani, akaanza kazi. Kazi yake ni kunikosoa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pindo la jana lilikwenda kombo."

Hivyo ndivyo tunavyoamkiana. Sijapata kuona jicho kama lile. Siku moja alinituma nimkimbilie mteja mpaka karibu na gati, nirudi na gauni lake, kwa sababu kifungo cha tatu hakikulingana na cha nne. Mteja alikuwa anawahi boti. Nilirudi mikono mitupu, jasho linanitoka, na Bibi hakusema nami mpaka baada ya adhuhuri.

Siku zote nilidhani alifundishwa kushona na mama yake. Nilikuja kujua vingine mwaka juzi, kwa sababu ya oda ya magauni ya kijani.

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Mfadhili mmoja anayeishi Dar es Salaam, mwenye asili ya huku kwetu, alitaka kuwavika mayatima wa kike wa madrasa moja siku ya Idi. Alinunua jora zima la kitambaa cha kijani na kuniagiza magauni ishirini na mawili, mshono mmoja, ukosi mmoja, mikono mirefu. Alitaka wafanane, wapendeze kwenye picha. Kwangu ilikuwa neema. Kitambaa kimoja unakipanga matabaka, unapitisha mkasi mara moja, kazi inakwenda. Nilipotundika gauni la sita kwenye kamba, Bibi akavua miwani.

"Za nani hizi?"

"Za mayatima, Bibi. Za Idi."

"Zote hivi hivi?"

"Zote. Zitapendeza."

"Zitampendeza nani?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alinyanyuka kwenye kiti, yeye ambaye kunyanyuka kwake huchukua muda na bismillahi tatu, akalishika lile gauni la sita, akalishusha.

"Usiwavalishe watoto sare siku ya Idi. Wakipita njiani kila mtu atasema, hao ndio wale. Utakuwa umewaandika mgongoni."

"Lakini Bibi, watu wanawajua."

"Wanawajua kwa majina yao na kwa wazazi wao. Si kwa kitambaa." Akakaa, akaliweka gauni mapajani, akawa analipapasa. "Mimi nililivaa gauni hili miaka kumi na miwili. Letu lilikuwa la kijivu."

Nikatoa mguu kwenye kikanyagio. Mwanawe alikuwa nyuma ya kaunta, akapunguza sauti ya redio. Baadaye niligundua kwamba yeye habari hiyo aliijua kama mtu anavyolijua kundi lake la damu: lipo, na halizungumzwi.

Bibi alizaliwa Gujarat, India. Alilelewa katika yatimkhana, ndivyo wanavyoiita nyumba ya kulelea mayatima wa Kiislamu, iliyojengwa na matajiri wa nguo wa mji ule kwa ajili ya thawabu. Kulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya kuswali, kengele ya uji, na mwalimu wa ushonaji aliyekuwa akifumua kazi yako yote ikiwa mshono mmoja umepotoka. Hapo nikaelewa ni nani aliyekuwa akinikosoa miaka yote ile. Ni mwalimu yule wa Gujarat, kupitia mdomo wa Bibi.

Nikamwambia nami yangu. Mama yangu alifariki sijaota meno, na baba akamfuata kabla sijajua kutembea vizuri. Nililelewa kijijini Kirongwe na mama mkubwa, katikati ya watoto wake sita, nikimwita mama kama walivyomwita wao. Sikujua kwamba mimi ni yatima mpaka darasa la tatu. Siku hiyo mwalimu alisoma majina ya mayatima waende mbele wakapewe madaftari, na jina langu likatajwa. Nikakaa pale pale, nikidhani kuna mtoto mwingine mwenye jina kama langu, nikamwonea huruma. Binamu yangu akanipiga kiwiko. Nilirudi nyumbani nalia. Mama mkubwa alikuwa anakuna nazi, wala hakuinua kichwa. "Yatima ni yule asiye na wa kumgombeza," akasema. "Chukua ndoo ukateke maji, na usinichelewee."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. "Sisi wa kutugombeza tulikuwa nao saba," akasema.

Magauni tukayabadilisha. Nilimpigia simu mfadhili, nikamweleza alivyosema Bibi, bila kumtaja. Akasema, "Mama yangu naye angesema hivyo. Fanya." Mwanawe Bibi akatuteremshia mabaki yote ya vitambaa yaliyokuwa yamelala kwenye rafu za juu tangu enzi za baba yake: ya maua, ya mistari, ya zambarau, moja lina picha za mananasi. Gauni moja likapata mikono ya maua, jingine ukosi wa mistari, jingine likawa la mananasi juu na kijani chini, na hilo ndilo walilokuja kugombea wengi. Bibi alichukua kazi ya matundu ya vifungo. Akayashona yote kwa mkono, siku tisa mfululizo, kila asubuhi baada ya kuniambia pindo langu la jana lina kasoro gani. Na katika siku hizo tisa ndipo aliponieleza habari ambazo hata mwanawe hakuzijua.

Zamani za bibi yake, alisema, mvua iligoma Gujarat na watu wakafa njaa barabarani. Watoto wakabaki wanatangatanga. Wamisionari wakawakusanya, wakajenga nyumba, wakawalisha, na baada ya muda wakawabatiza. Wahindu wakasema, hawa wanatuchukulia watoto, wakajenga nyumba zao. Waislamu nao wakasema vivyo hivyo. Alipokuja kuzaliwa yeye, njaa ile ilikwisha kuwa hadithi, lakini nyumba zilibaki. Mji wao haukuwa mkubwa, nao ulikuwa na nyumba tatu za mayatima, na kila nyumba ina bendi yake ya tarumbeta na ngoma ya kuombea sadaka kwenye sherehe. "Tulikuwa tunagombewa kama wapiga kura," Bibi akasema, huku anakata uzi kwa meno.

Baba yake alikuwa mtia nguo rangi. Kipindupindu kilipopita mtaani kwao kiliwachukua wazazi wote wawili katika juma moja. Bibi alikuwa na miaka sita. Alikuwa na mdogo wake, mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Nikaacha kushona. "Bibi, una mdogo wako?"

"Shona," akasema. "Sikuzoea kuangaliwa."

Nikashona. Akaendelea. Jirani aliwachukua wote wawili mpaka yatimkhana, lakini msimamizi akasema pale hawapokei watoto wa kunyonya, hawana maziwa wala mlezi. Akamwelekeza kwa masista wa Kikatoliki, barabara ile ile, hatua mia mbili mbele, kwa sababu wao walikuwa na mbuzi na muuguzi. Hakukuwa na ubaya wowote, Bibi alisisitiza. Mtu alikuwa anatafuta maziwa tu. Lakini hivyo ndivyo mkubwa alivyobaki Mwislamu na mdogo akakulia Ukristo.

Kila Ijumaa wasichana wa yatimkhana walitoka wawili wawili, magauni ya kijivu, kwenda darasa la Kurani, wakapita mbele ya geti la masista. Bibi alikuwa akiweka akiba kipande cha sukari guru kutoka kwenye chakula chake cha Alhamisi. Akifika getini anakipitisha katikati ya nondo, na mdogo wake anakipokea. Msimamizi alipogundua akamkataza. "Yule sasa ni wa kwao," alimwambia.

"Ukaacha?"

"Nikaanza kuharibikiwa na ndara."

Kila Ijumaa, hatua mbili kabla ya geti, ndara ya Bibi ilikatika. Akainama kuitengeneza, mstari mzima ukasimama, na mkono wake ukapita kwenye nondo. Kwa miaka mingi, alisema, hakukuwa na msichana mwenye ndara mbovu kama zake Gujarat nzima. Upande wa pili kulikuwa na sista mmoja mnene, mtu mzima, ambaye kila Ijumaa saa ile ile alikuwa akifagia hapo getini, na kila mara alikuwa amemshika mkono mtoto mmoja. Hawakuwahi kusema neno, yeye na Bibi. Sista alifagia, Bibi alitengeneza ndara.

Alipofika miaka kumi na minane, kamati ya yatimkhana ikapokea barua kutoka kisiwa ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Karani wa duka wa Kilindoni, Mwislamu, mtu wa kwao, alikuwa anatafuta mke. Kamati ikauliza, ikaridhika, ikamwoza. "Sikuulizwa kama nataka," alisema, "lakini na yeye alikuwa hajaniona, kwa hiyo tulikuwa sawa." Mume huyo alikuja kuwa mtu mwema sana, na duka likaja kuwa lake. Siku ya kuondoka, Bibi aliomba gari la ng'ombe lisimame getini kwa masista. Mdogo wake wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hakutokea. Sista mnene alitoka peke yake, ufagio mkononi, akatikisa kichwa.

"Nikaja huku natapika kutoka Bombay mpaka Kilindoni," Bibi akasema, "na sijui hata sasa kipi kilikuwa bahari na kipi kilikuwa yule mtoto."

Waliandikiana mara mbili. Jibu la pili la mdogo wake lilikuja na kadi yenye picha ya Bibi Mariamu. Mama mkwe akaiona, akasema kadi kama hizo hazikai nyumba hii. "Hakunikataza kuandika," Bibi aliniambia, na hapo sindano yake ikasimama. "Alinikataza kuweka kadi. Kuandika niliacha mwenyewe. Niliona tabu. Kisha mwaka ukapita, nikaona aibu. Kisha ikapita miaka hata aibu ikachoka."

Siku ya Idi tulikaa barazani tukijaribu kuwahesabu wale wasichana ishirini na wawili katikati ya watoto wote waliokuwa wakipita na pipi mkononi. Tulifika kumi na moja tukachanganyikiwa, tukaanza upya, tukafika tisa. Sijapata kumwona mtu akifurahi vile kwa kushindwa kuhesabu.

Wiki moja baadaye nilimwuliza, "Bibi, hujamtafuta?"

"Nimtafute na nini, tochi?"

Nikatoa simu. Alilikumbuka jina la mji na jina la nyumba. Nyumba ipo bado. Siku hizi si ya mayatima tena, ni bweni la wasichana wa vijijini wanaosoma mjini. Nikasoma kwamba kule nako siku hizi mtoto akifiwa hutafutwa kwanza ndugu wa kumlea, na nyumba nyingi za namna ile zimefungwa au zimegeuzwa shule. Nilipomweleza Bibi, akasema, "Kumbe wamekuja kufanya kama Kirongwe," akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Niliwaandikia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Nilieleza kwamba mimi ni fundi cherehani wa Mafia, kwamba kuna bibi mmoja hapa anamtafuta mdogo wake, na nikataja majina yote kama alivyonitajia. Bibi akasisitiza niongeze neno moja mwishoni. "Mwambie ni yule wa ndara."

Siku nne zikapita. Bibi hakuuliza hata mara moja, ila kila simu yangu ikilia alisafisha miwani. Siku ya tano likaja jibu kutoka kwa sista kijana. Aliandika kwamba mtu tunayemwulizia yupo, naye ni mtawa, amestaafu, masikio yamepungua nguvu lakini kichwa kizima. Amesomewa ujumbe wetu mara tatu. Ameuliza, ndara gani?

Bibi aliponisikia nikitafsiri, uso ulimwanguka kidogo. Kisha akasema, "Alikuwa mdogo," akaomba maji.

Kabla ya kupiga simu ilibidi mwanawe aambiwe. Alikuwa anaangalia mechi. Bibi alimweleza yote kwa maneno machache, amesimama mbele ya televisheni, na ndiyo mara pekee niliyomwona mwanawe akiuzima mpira kwa hiari yake. Nilimwogopea Bibi. Mwanawe akawa anakuna kidevu.

"Miaka yote nimejua sina mtu upande wako," akasema mwishowe. "Kumbe nina mama mdogo?"

"Ni mtawa," Bibi akasema. "Mkristo."

"Nimesikia. Anaumwa? Anahitaji kitu?"

Bibi akamshika shavu, kama mtoto.

Tulipiga siku ya Jumapili, saa mbili asubuhi, kule wametoka kanisani. Nilisimamisha simu kwenye cherehani, nikaiegemeza kwenye gurudumu. Picha ikatikisika, ikatulia. Wote wawili walikuwa wamefunika vichwa, huyu kwa mtandio wake wa krimu, yule kwa kitambaa cheupe cha utawa, na chini ya vitambaa hivyo pua ilikuwa moja. Yule wa kule alikuwa amejikunja kwenye kiti, amesogeza sikio kwenye simu badala ya uso.

Bibi akasema neno moja la Kigujarati, kwa sauti ile ile anayonikosolea mapindo. Mwanawe akaninong'oneza, "Anamwambia akae wima."

Yule mtawa akanyooka mara moja, kama aliyechomwa sindano. Kisha akaanza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akaelekeza kidole kwenye simu. Ndara hakuikumbuka, alisema, wala sukari guru. Lakini alimkumbuka msichana mkubwa aliyekuwa akiinama getini na kumwambia simama wima, simama wima, kila wiki, mpaka akadhani hilo ndilo jina lake.

Walizungumza saa nzima. Kigujarati cha Bibi kilikuwa kimejaa Kiswahili bila yeye kujua. Akifika mahali anasema "sasa ngoja" au "basi tena," na kule wanabaki wanatazamana. Bibi alikiri habari ya barua, hakujitetea. Mdogo wake akasema, "Nilidhani umeliwa na simba."

"Kisiwa hiki hakina simba."

"Mimi nitajuaje?"

Kisha Bibi akauliza alilokuwa amelibeba tangu lile gari la ng'ombe. Mbona siku ile hakutoka? Mwanawe alinitafsiria taratibu. Mtawa alisema alitoka. Alikuwa juu ya paa la chumba cha kufulia, amelala kifudifudi, akaliangalia gari mpaka lilipokata kona, na baada ya hapo akakaa juu mpaka wakamletea ngazi.

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa na hasira."

"Bado unayo?"

Mtawa akafikiri, kwa dhati kabisa. "Kidogo," akasema.

"Haya," Bibi akasema. "Unaswali?"

"Nasali kila siku. Wewe?"

"Vipindi vyote."

"Basi."

Na hapo kwenye dini wakapaacha, na mpaka leo hawajaparudia.

Sasa ni kila Jumapili. Bibi huamka mapema, huvaa vizuri, na mapindo yangu siku hiyo hupita bila kukaguliwa. Wanagombana kuhusu rangi ya mlango wa nyumba yao ya kwanza, ambayo mmoja wao hawezi kuikumbuka kwa kuwa alikuwa mchanga, lakini anaikumbuka hata hivyo. Mwanawe anataka kumpeleka Bibi India. Daktari anasema miguu haitaki. Bibi anasema daktari ni mtoto.

Jumapili iliyopita wasichana wa bweni walijazana nyuma ya kiti cha mtawa, kila mmoja amevaa nguo ya rangi yake, wanasukumana waonekane. Walitaka kujua Afrika kuna wanyama gani. Bibi akawaambia hapa kwetu tuna viboko wadogo wanaoingia mashambani kula mpunga, tuna popo wakubwa kama kuku, na baharini kuna samaki mrefu kama basi, ana madoadoa, na watu wanakwenda kuogelea naye.

"Na wewe umeogelea naye?" msichana mmoja akauliza.

Bibi, ambaye kwa miaka zaidi ya sitini hapa kisiwani hajawahi kulowesha zaidi ya vifundo vya miguu, akatazama simu bila kupepesa jicho.

"Mara nyingi," akasema.